George Washington Carver: Msomi wa Kilichotupwa

Msimu wa pamba unapokwisha katika skimu ya unyunyizaji ya Bura, kaskazini mwa Hola katika Kaunti ya Tana River, pamba huenda zake na mashina husalia. Kwa muda mrefu kanuni ya kilimo cha zao hili Afrika Mashariki imemtaka mkulima ayang'oe mashina hayo na kuyachoma, ili viwavi wa vitumba wasipate pa kupitishia kiangazi hadi msimu mwingine. Kanuni hiyo ina busara yake. Hata hivyo, hekta moja ya pamba huweza kuacha kati ya tani 2 na 3 za mashina, na kilo moja ya mashina makavu hutoa takribani megajuli 17 za joto, yaani karibu sawa na kuni za kawaida. Basi moshi wa mashina hupanda angani katika nchi ambamo akina mama hutembea mwendo mrefu kutafuta kuni za kuinjika chungu.

Kitendawili hiki hakikuzaliwa Bura. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika jimbo la Alabama huko Marekani, palikuwa na mtu aliyekitazama kila siku ya maisha yake ya kazi: wakulima maskini, pamba iliyowamaliza pamoja na ardhi yao, na vitu chungu nzima vilivyotupwa kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza vina nini ndani yake. Mtu huyo aliitwa George Washington Carver. Makala haya yanasimulia maisha yake, pamoja na yale ambayo sifa zake nyingi zimeyafunika.

Carver alizaliwa utumwani karibu na kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864. Siku na mwezi hakuvijua hata yeye mwenyewe, kwani watoto wa watumwa hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa. Mamaye aliitwa Mary. Baba yake alikufa katika ajali kabla mtoto hajamfahamu, kama alivyosimuliwa baadaye. Mary alikuwa mali ya Moses Carver, mkulima mwenye asili ya Kijerumani, na ndilo jina la ukoo la bwana huyo ambalo George alilibeba mpaka kaburini. Ilikuwa enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Missouri ilikuwa jimbo la mpakani lililoandamwa na magenge ya usiku. Genge mojawapo lilimteka Mary pamoja na mwanawe mchanga. Moses alimtuma mtu awafuatie. Mtu huyo akarudi na mtoto peke yake, mgonjwa wa kifaduro, na inasimuliwa kwamba malipo ya kazi hiyo yalikuwa farasi mmoja. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Moses na mkewe Susan waliwalea George na nduguye James nyumbani mwao. James alikuwa na nguvu, akaenda shamba na wanaume. George alikuwa dhaifu wa kifua na mwenye sauti nyembamba isiyokomaa, hali iliyodumu naye maisha yake yote. Akabaki jikoni na Susan, akijifunza kupika, kufua, kushona na kufuma. Wakati wa faragha alijipenyeza msituni alikokuwa na bustani yake ya siri, akapandikiza maua ya porini na kuyatibu yaliyonyauka. Majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyougua. Kijana asiyejua kusoma akapata cheo cha tabibu wa mimea.

Shule ya jirani haikupokea watoto weusi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na ushei alifunga safari kwa miguu hadi mji wa Neosho, uliokuwa na shule ya watoto wa Kiafrika, akalala bandani usiku wa kwanza. Asubuhi aligunduliwa na Mariah Watkins, mkunga na dobi, ambaye pamoja na mumewe Andrew walimchukua kama mwana. Bi. Mariah alimfundisha dawa za majani na mizizi, akamtia moyoni wazo kwamba elimu ikishapatikana ni deni ambalo sharti lirudishwe kwa watu waliofungiwa mlango wa elimu. Wanafunzi wa maisha ya Carver wamesema mengi juu ya maprofesa wake. Yamkini huyu dobi wa Neosho ndiye aliyemwachia alama isiyofutika.

Miaka iliyofuata ni ya kuhamahama katika jimbo la Kansas. Mjini Fort Scott, mwaka 1879, kijana huyo alishuhudia umati ukimuua mtu mweusi bila hukumu, akauhama mji. Alifua nguo za watu, akapika hotelini, na hatimaye akamaliza masomo ya sekondari. Chuo cha Highland kilimkubali kwa barua. Alipofika na rangi yake ikaonekana, akakataliwa mlangoni. Kwa muda aliishi katika nyumba ya matofali ya udongo wenye nyasi, akilima ardhi kame ya magharibi mwa Kansas iliyogawiwa walowezi, kisha akaiacha. Mkulima yeyote wa Bura aliyewahi kupewa kipande cha ardhi na matumaini, kisha mvua na mitambo vikamgeuka, angemwelewa bila kufafanuliwa.

Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, kusomea uchoraji na piano. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona jinsi mwanafunzi huyu alivyochora mimea kwa ujuzi wa mtu anayeifahamu kutoka ndani, akamshauri aende chuo cha kilimo mjini Ames. Carver alihamia huko mwaka 1891, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896, akiwa chini ya mtaalamu wa mimea Louis Pammel, na ukuvu wa mimea ukawa ndio uwanja wake wa ubingwa. Sanaa hakuitupa. Mchoro wake mmoja wa mimea ya jangwani ulitajwa kwa heshima katika maonyesho makuu ya Chicago mwaka 1893. Angeweza kubaki Ames, chuo kilichompenda, chenye maabara nzuri na mshahara wa uhakika.

Barua ya Booker T. Washington ndiyo iliyomtoa. Washington, naye mzaliwa wa utumwa, alikuwa mkuu wa Taasisi ya Tuskegee huko Alabama, chuo cha watu weusi kilichoshikilia kwamba ufundi na kilimo ndivyo vitakavyowainua waliokombolewa. Carver alifika Tuskegee mwezi Oktoba mwaka 1896. Hakuondoka tena.

Alichokikuta kilimvunja moyo. Maabara haikuwapo. Ardhi ilikuwa mchanga mwekundu uliochongwa na makorongo, kwa kuwa pamba ilikuwa imepandwa juu ya pamba tangu enzi za watumwa. Hapo ndipo pana kisa ambacho kila msimulizi wa maisha yake hukipenda, nacho ni cha kweli: aliwapeleka wanafunzi wake wa kwanza jalalani. Wakaokota chupa zilizovunjika shingo, vifuniko, mitungi, vipande vya waya na sufuria zilizotoboka. Chupa zikakatwa zikawa bilauri za maabara. Chupa ya wino iliyotiwa utambi ikawa taa ya kupashia moto. Somo la kwanza la kemia katika idara ya kilimo ya Tuskegee lilikuwa somo la taka.

Shamba la majaribio lilifuata mwaka 1897, kwa ruzuku ndogo ya serikali ya jimbo. Mbolea ya dukani mkulima mweusi wa Alabama hakuweza kuinunua bila kujitia katika deni la mwenye duka ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Kwa hiyo Carver hakuanza na mbolea ya dukani. Alianza na majani yaliyooza msituni, matope ya kinamasi, samadi, majivu na mabaki ya jikoni, vyote vikirundikwa na kugeuzwa mpaka viwe mboji. Kisha akapanda kunde, na baadaye karanga. Mimea ya jamii ya kunde hubeba vinundu mizizini, na ndani ya vinundu hivyo mna bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Wanasayansi wa Ujerumani walikuwa wameithibitisha siri hii katika miaka ya 1880. Kazi ya Carver haikuwa kuivumbua bali kuitafsiri, aieleze kwa namna ambayo mtu asiyejua kusoma, mwenye jembe moja na nyumbu wa kukodi, angeifuata.

Tafsiri hiyo ilichukua umbo la vijarida. Cha kwanza, cha mwaka 1898, kilihusu kulisha mifugo kwa mbegu za mwaloni, kitu ambacho kilikuwa kikianguka chini bure kila mwaka. Kwa jumla vilitoka 44, vikiandikwa kwa lugha nyepesi, vikichanganya sayansi ya udongo na mapishi ya mama wa nyumbani. Wasioweza kuvisoma walifuatwa. Mwaka 1906 Tuskegee ilianzisha gari la kukokotwa na wanyama, lililopewa jina la mfadhili wake Morris Jesup, likapita vijijini na mbegu, majembe, vifaa vya maziwa na mwalimu wa kuonyesha kwa vitendo.

Mfumo huu haukuishia Marekani. Mwaka 1901 watu wa Tuskegee walifika Togo, koloni la Wajerumani, kufundisha kilimo cha pamba, na matunda ya kazi hiyo yalikuwa machungu kwa wakulima wa Togo waliolazimishwa kuilima. Mwaka 1921 Harry Thuku, akiongoza upinzani wa vijana jijini Nairobi, aliwasiliana na Tuskegee akitafuta msaada wa elimu kwa Waafrika wa Kenya. Miaka mitatu baadaye tume ya Phelps-Stokes, iliyokuwa na Dkt. James Aggrey miongoni mwa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kufundisha walimu wa kuzunguka vijijini. Hapa pana kinaya kisichopaswa kupitwa haraka. Thuku aliitazama Tuskegee akaona chombo cha kujikomboa. Serikali ya kikoloni iliitazama Tuskegee hiyohiyo ikaona chombo cha kupata Mwafrika mwenye mikono hodari na mdomo uliofungwa.

Carver mwenyewe hakumsaidia msomaji kuamua ni nani aliyeona sawasawa. Maishani mwake aliepuka siasa za rangi. Alisafiri katika magari ya ubaguzi, akalala pasipokuwa na hoteli ya kumpokea, akanyamaza. Alipokwenda mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington mwezi Januari mwaka 1921, kuwatetea wakulima wa karanga dhidi ya karanga za nje zilizouzwa kwa bei ya chini, alipewa dakika 10, na mbunge mmoja akamfanyia mzaha wa kibaguzi. Alijibu kwa upole, akaendelea kutoa kutoka kisandukuni mwake maziwa ya karanga, peremende za karanga, rangi za karanga. Muda wake ukaongezwa tena na tena. Mwaka uliofuata ushuru wa kuwalinda wakulima hao ukawa sheria. Wapo waliomlaumu kwa kukubali kuwa mweusi mpole anayependwa na weupe. Lawama hiyo ina uzito, ingawa ni vyema ikumbukwe kwamba aliyelaumiwa alikuwa ameona akiwa kijana jinsi umati unavyoua.

Kufikia wakati huo karanga ilikuwa imemfanya mashuhuri. Fukusi wa pamba, mdudu aliyeingia Marekani kutoka Mexico, alifika Alabama mwanzoni mwa miaka ya 1910 akafyeka mashamba. Wakulima waliokuwa wamekataa ushauri wa kubadilisha mazao wakaukubali kwa shingo upande. Mji wa Enterprise ulistawi kwa karanga kiasi kwamba mwaka 1919 ulimjengea fukusi huyo mnara wa shukrani. Hata hivyo karanga zilipozidi, bei ilitaka kuanguka. Mwaka 1916 Carver alikuwa ametoa kijarida chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula, na sasa akajifungia katika maabara yake kutafuta matumizi mengine: mafuta, sabuni, wino, gundi, rangi za mbao. Hakuishia kwenye punje. Maganda ya karanga aliyafanyia majaribio ya mbao za kuta na ya kulainishia udongo; unga wa mbao aliugandisha ukafanana na marumaru; udongo mwekundu wa Alabama, uliokuwa ukioshwa na mvua kuelekea mitoni, aliuchuja akapata rangi za kupakia nyumba za maskini.

Yafaa hapa isemwe wazi kile ambacho vitabu vya shule hukipamba. Siagi ya karanga hakuivumbua. Wengine waliipatia hataza kabla yake. Orodha ya bidhaa 300 za karanga na zaidi ya 100 za viazi vitamu ina mapishi mengi yanayokaribiana, na ina vitu vilivyokuwa vikijulikana tayari. Hataza zake mwenyewe ni 3 tu, zilizotolewa kati ya mwaka 1925 na 1927, moja ya vipodozi na mbili za rangi, na hakuna iliyoleta faida ya maana. Jambo zito zaidi ni kwamba hakuandika kanuni za majaribio yake. Akihutubia kanisani mjini New York mwaka 1924, alieleza kwamba haingii na vitabu maabarani, bali Mungu humfunulia njia. Gazeti mashuhuri la mji huo likamkosoa vikali, likidai kwamba mwanasayansi wa kweli hasemi hivyo. Carver aliumia, akajitetea kwa kutaja walimu aliosoma kwao na vitabu alivyosoma. Utetezi wake ulikuwa wa haki, lakini ukosoaji nao ulikuwa na haki yake, maana sayansi isiyoandikwa hufa na mwenyewe. Mtu wa Bura angetaka leo kujua mashina ya pamba yalichemshwa na nini, kwa muda gani na kwa joto gani, asingepata jibu katika karatasi za Tuskegee.

Tabia yake nyingine ilikuwa ya kuwachosha wakubwa wake. Booker T. Washington, aliyefariki mwaka 1915, alimheshimu kama mwalimu na kumkemea kama msimamizi; banda la kuku lililokuwa chini ya Carver lilizua mabishano ya miaka mingi, kuku wakipotea na hesabu zisipatane. Hakuoa. Alivaa koti lilelile kuukuu lenye ua jipya kila siku kwenye tundu la kifungo. Hundi za mshahara alizisahau ndani ya mitoto ya meza. Alfajiri, kabla ya wengine kuamka, alikuwa msituni akiokota mimea na kusali.

Miongoni mwa waliopita Tuskegee alikuwako Oliver Golden, aliyekuja kuwa mkomunisti. Mwaka 1931 Golden alikusanya kundi la wataalamu weusi kwenda Uzbekistan, katika Muungano wa Sovieti, kuendeleza pamba. Alimwomba Carver awaongoze. Carver, aliyekuwa mzee tayari, hakwenda, ila alisaidia kupatikana kwa watu. Mmojawapo, John Sutton, mwanafunzi wake, alibuni huko njia ya kutengeneza kamba kutokana na mabua ya mpunga. Ufundi huo ungekuwa na kazi katika delta ya Tana, karibu na Garsen, ambako kilimo kikubwa cha mpunga kilianzishwa kabla ya mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 kuyavunja matuta yake.

Kisa cha Golden kina tawi lililofika pwani yetu. Binti yake, Lily Golden, aliyezaliwa Tashkent mwaka 1934, aliolewa na Abdullah Kassim Hanga, Mzanzibari aliyekuwa Waziri Mkuu mara baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ambaye maisha yake yalikatizwa visiwani mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960. Nayo pamba ya Uzbekistan, iliyonyweshwa kwa mito miwili mikubwa, ndiyo iliyochangia kwa kiasi kikubwa kukauka kwa bahari ya Aral. Mto una kikomo cha ukarimu wake, jambo ambalo Wapokomo wa kandokando ya Tana hawahitaji kufundishwa na mtu.

Katika miaka ya 1930 dunia ilianza kumkaribia Carver kutoka upande ambao hakuutarajia. Mporomoko wa uchumi uliwaacha wakulima wa Marekani na nafaka isiyouzika. Mkemia William Hale alibuni mwaka 1934 jina la kemaji, yaani kemia itumikayo kugeuza mazao ya shamba na mabaki yake kuwa malighafi ya viwanda: pombe ya kuendeshea magari, plastiki, karatasi, rangi. Mwaka 1935 wenye viwanda na wakulima walikutana Dearborn, jimbo la Michigan, chini ya udhamini wa Henry Ford. Carver alialikwa mkutano wa mwaka 1937, na hapo urafiki wa ajabu ukaanza kati ya tajiri wa magari na mwana wa mtumwa. Ford alimtembelea Tuskegee, akamwekea lifti katika jengo alimoishi moyo wake ulipodhoofika, na mwaka 1942 akamfungulia maabara ya chakula Dearborn.

Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa limekwisha kuzaa matunda mahali pengine, tena katika Iowa ileile aliyosoma Carver. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats, mjini Cedar Rapids, ilikuwa na milima ya maganda ya shayiri. Wakemia wake waliyapika pamoja na asidi na mvuke, wakapata furufurali, kiowevu kinachotumika kusafisha mafuta na kutengenezea gundi na plastiki. Sababu ya kufaulu kwao si fumbo. Maganda hayakuhitaji kukusanywa shamba kwa shamba, yalikuwa yamerundikana tayari mlangoni mwa kinu. Mwaka 1938 Bunge la Marekani liliidhinisha maabara 4 za kutafuta matumizi mapya ya mazao ya ziada. Katika mojawapo, iliyoko Peoria, jimbo la Illinois, mwaka 1941 watafiti walitumia maji mazito yanayobaki mahindi yanaporowekwa ili kutoa wanga, wakayafanya chakula cha kuvu wa penisilini, na dawa iliyokuwa ikipatikana kwa matone ikaanza kupatikana kwa wingi. Kisha vita vikaisha, mafuta ya petroli yakawa rahisi, na kemaji ikasahauliwa hata kwa jina.

Carver alitofautiana na wenye viwanda hao kwa jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana Dearborn. Wao waliliona shamba kama ghala la malighafi. Yeye alianza na udongo, kisha kikaja kiwanda. Bua la hindi lililorudishwa ardhini lilikuwa kwake limekwisha kupata kazi. Swali lake la kwanza juu ya jani lililoanguka lilihusu udongo ulipo chini ya jani hilo, na kilichozidi mahitaji ya udongo ndicho kilichoingia maabarani.

Bura imelijua swali hili kwa njia ngumu. Mradi ulioidhinishwa mwaka 1977 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulikusudia kunyunyizia hekta zipatazo 6,700. Zilizopata maji ni karibu 2,500 tu. Wakulima wa kwanza, kutoka pembe nyingi za Kenya, walihamia mwaka 1981, wakapanda pamba na mahindi katika udongo mzito wenye chumvi chini yake. Maji yalivutwa kutoka Mto Tana huko Nanigi kwa pampu za dizeli, na mwishoni mwa miaka ya 1980 pampu zilipokuwa zikiharibika mara kwa mara, mazao yalikauka mbele ya mto unaopita. Nishati iliyoinyima Bura maji ilitoka kisimani mwa mafuta ng'ambo ya bahari. Mashina yaliyochomwa kandokando ya mifereji yalikuwa nishati pia. Isidhaniwe kwamba hesabu ni rahisi. Mashina ni mepesi na yana ujazo mkubwa, hugharimu kuyasafirisha, na ni lazima yakaushwe na kukatwakatwa kabla ya kuingia katika tanuri la kiwanda. Kiasi fulani hakina budi kurudi ardhini kama majivu au mboji.

Kuni nazo zilitafutiwa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliletwa Bura mti wa mathenge, ustahimilivu wa ukame, ili walowezi wapate kuni na msitu wa kando ya mto upone. Mti ulikubali kupita kiasi. Ukavuka mipaka ya mashamba, ukaziba njia za mifugo kuelekea malkani, na mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa gugu hatari. Hapana budi kutaja pia kwamba huko Tana mabua ya mahindi hayajawahi kuitwa taka na kila mtu. Kwa mfugaji wa Kiorma, shamba lililovunwa ni malisho ya kiangazi, na anayepanga kuyabeba mabua hayo kwenda kiwandani, iwe kwa ethanoli au kwa umeme, anapanga kubeba chakula cha ng'ombe wa mtu. Carver, aliyeanza kazi yake ya uandishi kwa kulisha mifugo kwa mbegu zilizoanguka, asingelikosa kuliona hilo.

Mwaka 1940 alitoa akiba yake ya maisha, takribani dola 33,000 zilizolundikana kwa sababu hakuwa na la kuzifanyia, ili kuanzisha wakfu wa utafiti Tuskegee. Mwaka 1941 Ford alikuja kuzindua jumba la makumbusho lenye jina lake. Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, baada ya kuanguka, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington, yule bosi aliyekuwa akimkemea juu ya kuku. Mwezi Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuhifadhi shamba la Moses Carver kama mnara wa taifa, wa kwanza kutolewa kwa Mmarekani mweusi. Ndani ya hifadhi hiyo umo msitu mdogo alimokuwa akificha maua yake.

Makumbusho ya Tuskegee yaliungua mwaka 1947. Moto huo uliteketeza sehemu kubwa ya michoro yake, aliyoichora kwa rangi alizozitengeneza mwenyewe kutokana na udongo wa Alabama.